Mbwa Anayechimba Chini ya Uzio Hana Kosa

Najua nimepotea hapa kibarazani karibu wiki tatu. Siumwi, wala sikusafiri. Ni zamu za usiku tu, na nikitoka zamu nimekuwa na kazi nyingine ambayo hawakunifundisha chuoni: kuziba mashimo ya mbwa.

Wengi wenu habari hii mnaijua nusu nusu, maana kaka yangu aliitupia kwenye kundi la familia na ushauri ukamiminika kama mvua ya masika. "Mfunge mnyororo." "Mcharaze fimbo tatu, atashika adabu." "Mtupeni huko, mbwa ni mbwa." Shangazi yangu, ambaye namheshimu sana, akafunga mjadala: "Mwanangu, Marekani imekubadilisha. Siku hizi unalea mbwa kama mtoto." Nilicheka. Baadaye nikakasirika. Mwisho nikaona heri nijibu kwa kirefu, na leo nina siku ya mapumziko, chai ya maziwa ipo mezani, kwa hiyo mnivumilie.

Nianze na kisa chenyewe.

Tunaishi pembeni kidogo ya jiji la Houston, Texas. Nyumba za mtaa wetu zimepangwa kama miche ya sabuni dukani, na kila moja ina ua wa nyuma uliozungushiwa mbao za futi 6, zimebanana hata jirani humwoni. Miaka miwili iliyopita tulichukua mbwa kutoka kituo cha mbwa waliotelekezwa. Watoto walitaka jina la Kizungu, baba yao akakataa katakata, akampa jina la kwetu: Hayakuhusu. Si mnakumbuka zile mbwa za mitaani kwetu zenye majina ya kuwasuta majirani? Huku majirani hawaelewi Kiswahili, basi tunaita kwa sauti kubwa kwa raha zetu. Watoto wamelifupisha, wanamwita Haya.

Mwezi Juni Haya alianza kuchimba chini ya uzio. Mume wangu anafukia jioni, yeye anafukua kesho yake. Tukaweka mawe, akachimba pembeni ya mawe. Siku moja mwezi Julai niliamka saa tisa alasiri baada ya kulala kutoka zamu, nikachungulia dirishani, ua mtupu. Chini ya uzio kuna shimo ambalo mtoto wa chekechea angepita.

Tulimpata siku ya pili kwenye kituo cha manispaa. Aliokotwa kando ya barabara kuu, ile yenye malori usiku na mchana, na wakatupata kwa sababu ya chipu iliyo chini ya ngozi yake. Nililipa nilichotakiwa kulipa, sikubishana. Kilichonishtua ni miguu. Kucha mbili za mbele zilikuwa zimeng'oka, vidole vimevimba, udongo umeganda na damu. Nilikaa sakafuni bafuni namsafisha vidonda kama ninavyomsafisha mgonjwa yeyote, na swali likanijia: hivi kiumbe anachimba mpaka kucha zinang'oka kwa sababu ya utundu?

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Homa si ugonjwa, ni dalili. Ukimpa mgonjwa dawa ya kushusha homa na usitafute malaria iko wapi, umejidanganya mwenyewe na umemwibia mgonjwa muda. Shimo chini ya uzio ni homa. Sasa ona tunavyolitibu!

Jirani yangu wa kulia, mzee mwema tu, alinishauri ninunue kola ya umeme, mbwa akikaribia uzio inampiga shoti shingoni. Mwenzangu kazini akasema nifukie kinyesi chake shimoni ili achukie mahali pale. Mwingine akasema nimwage pilipili. Mwingine naftalini, zile tembe nyeupe tunazoweka kabatini kuzuia nondo. Jamani! Naftalini ni sumu. Inaharibu chembe nyekundu za damu, kwa mbwa na kwa mtoto mdogo anayeokota kila kitu na kukitia mdomoni. Na kuna ushauri mwingine uliokubuhu kuliko yote: jaza shimo maji, kisha umkamate mbwa umzamishe kichwa humo. Msidhani natania. Ushauri huo umo kwenye kitabu cha mafunzo ya mbwa cha William Koehler kilichotoka mwaka 1962, na huyo bwana alikuwa mtu mwenye jina, aliyefundisha mbwa walioigiza kwenye filamu za Disney.

Mnaona ushauri wote huo unavyofanana? Hakuna hata mmoja unaouliza mbwa anatafuta nini. Wote wanataka aache kupiga kelele, wala hawajali kama ameacha kuumwa. Na nyinyi mlioniandikia "mcharaze fimbo" msiwacheke Wamarekani, maana mko nao kwenye boti moja, tofauti yenu ni kwamba wao wana betri.

Mbwa anachimba kwa sababu, na sababu si moja. Kuna joto. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anategemea kuhema ulimi nje na jasho kidogo la nyayo, na huku Houston kiangazi joto linapita nyuzi 35 na unyevunyevu juu yake, kama Dar ya mwezi wa pili. Udongo wa chini una ubaridi, basi anauchimba alale. Kuna upweke na kukaa bure. Kuna hofu: usiku wa tarehe 4 Julai fataki hulipuka mtaa mzima, na mbwa hajui kuwa ni sikukuu ya uhuru, yeye anajua dunia inakwisha. Kuna kutafuta mwenza, kwa ambaye hajahasiwa. Na kuna damu. Haya ni chotara mwenye damu ya terrier, na jina hilo lenyewe limetokana na neno la Kilatini la ardhi, kwa sababu mbwa hao walizalishwa vizazi na vizazi ili waingie mashimoni kufukuza panya na mbweha. Binadamu kamtengeneza achimbe, halafu anampiga kwa kuchimba!

Sasa, sababu ya Haya ilikuwa ipi? Nilifanya ninavyofanya wodini: nikachukua kalenda. Nikaweka alama siku zote nilizokuta shimo jipya, kisha nikaweka alama zamu zangu. Ndugu zangu, nilinyamaza. Mashimo yote isipokuwa mawili yalichimbwa siku niliyolala mchana baada ya zamu. Mimi naondoka nyumbani kabla ya saa moja jioni, narudi baada ya saa moja asubuhi. Mume wangu anaondoka alfajiri, watoto wako shule au kambi ya likizo. Nikirudi namfungulia Haya mlango wa uani, nafunga, naangusha pazia, nalala mpaka saa tisa. Mbwa anakaa peke yake kwenye boksi la mbao lisilo na dirisha, na kivuli cha mti mmoja ambacho ikifika saa sita kimeshahamia kwa jirani. Na alikuwa anachimba upande upi? Upande wa kile kivuli.

Kwa hiyo mgonjwa tulikuwa tunamtibu mbwa, kumbe ugonjwa uko kwenye ratiba yangu mimi.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu huku nje sote tuna ratiba za namna hii, na si mbwa pekee wanaozilipia. Lakini leo tubaki kwa mbwa.

Nawageukia kwanza Wamarekani wangu hawa. Mwaka 2023 pekee walitumia zaidi ya dola bilioni 140 kwa wanyama wa nyumbani. Wanamwita mbwa mtoto wao, wanamnunulia keki ya siku ya kuzaliwa na sweta la Krismasi. Halafu mtoto huyo anafungiwa uani kutwa nzima, na akichimba anavishwa kola ya umeme. Uzio umegeuzwa yaya. Mapenzi gani hayo ya kununua dukani? Mbwa hahitaji sweta, anahitaji mtu.

Angalau sheria imeanza kuamka. Hapa Texas, baada ya gavana Greg Abbott kuukataa muswada wa kwanza mwezi Juni 2021, mwingine ulipita mwaka huohuo na ukaanza kutumika tarehe 18 Januari 2022. Ukimfunga mbwa nje na kumwacha peke yake, mnyororo ni marufuku, vizito shingoni ni marufuku, lazima awe na maji safi, kivuli na mahali pa kujikinga, na kamba isipungue futi 10 au mara tano ya urefu wa mbwa, kipimo kilicho kirefu zaidi. Kwa hiyo kaka, ushauri wako wa mnyororo ningeufuata ungenifikisha mahakamani, hahaha.

Sasa niwageukieni nyinyi wa nyumbani, na hapa sitacheka.

Shangazi, unamkumbuka Simba wetu pale Moshi? Alfajiri anafungwa kwenye mparachichi, usiku anafunguliwa alinde. Chini ya ule mti kulikuwa na duara la udongo mtupu, hakuna jani lililoota, kwa sababu alizunguka palepale miaka yote. Tukipita tunamtupia mawe ili awe mkali, maana tuliambiwa mbwa mkali ndiye mbwa bora. Akawa mkali kweli. Mnakumbuka siku mnyororo ulipokatika na aliyekuwa anapita njiani ni mtoto wa jirani, wala si mwizi. Simba akauawa kwa mapanga jioni ileile, na kila mtu akasema mbwa yule alikuwa na roho mbaya. Hakuna aliyesema sisi tuliomfunga ndio tuliomfundisha. Nilikuwa na miaka kumi, na mimi pia nilitupa mawe.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uuguzi kwenye mafunzo ya wodini, aliletwa mtoto wa miaka kama tisa. Mbwa alimng'ata wiki kadhaa nyuma, nyumbani wakamfunga kitambaa wakaendelea na shughuli. Alikuwa na kiu, anaomba maji, na kila kikombe kilipokaribia mdomo koo lilijikaza na mwili mzima ukatetemeka. Hakukuwa na la kufanya zaidi ya kumpunguzia mateso. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Mama yake aliniuliza, "Nesi, lakini yule mbwa alikuwa anafungwa kila siku, amepatia wapi ugonjwa?" Swali hilo sijalisahau mpaka leo.

Mnyororo si chanjo, ndugu zangu! Uzio nao si chanjo. Mbwa aliyefungwa mchana na kufunguliwa usiku ana usiku mzima wa kukutana na mbwa mwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kati ya kila watu kumi, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Na dawa yake inajulikana: chanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa unakosa pa kupita. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, si kesho. Na sheria tunayo sisi pia. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, miaka kumi na mitatu kabla Texas hawajapiga marufuku mnyororo wao. Kwenye karatasi tumewatangulia. Chini ya mparachichi je?

Najua kaka atasema: "Wewe una dola, sisi huku watu wanalala njaa, unatuambia habari za mbwa?" Hoja hiyo ni nzito, siipuuzi. Ila niambie, mnyororo ni bure? Fimbo inaleta ugali mezani? Mawe tuliyomtupia Simba yalimshibisha nani? Sikuombi umnunulie mbwa godoro. Nakuomba chanjo, maji, kivuli, na usimfunge kutwa. Ukiona hayo ni mengi, kuna njia rahisi zaidi: usifuge. Hakuna sheria wala mila inayolazimisha kila nyumba iwe na mbwa.

Na shangazi, kuhusu kulea mbwa kama mtoto: hapana, simlei kama mtoto. Mtoto wangu nitamsomesha aondoke aende zake. Mbwa hataondoka kamwe, hana pengine pa kwenda, chakula chake na lango lake viko mikononi mwangu. Ndiyo maana dhamana yake inaniogopesha.

Najua mtauliza, basi mwisho ulifanyaje? Nitawaambia, huenda kuna mwenye shida kama yangu.

Kwanza niliondoa sababu. Siku hizi nikitoka zamu silali moja kwa moja. Nabadilisha nguo, naosha mikono, natembea na Haya nusu saa kabla jua halijakaza. Mwanzoni miguu ilikuwa inalia, sasa naona inanisaidia hata mimi kupata usingizi. Kisha analala ndani, chini ya kitanda, kwenye ubaridi uleule ninaoulipia mimi. Jioni watoto wana zamu yao ya kucheza naye, imeandikwa ukutani.

Pili, nilimpa mahali pa kuchimba. Kwenye kona yenye kivuli mume wangu alitengeneza fremu ya mbao, tukajaza mchanga, tukafukia mipira na mifupa yake ya kuchezea. Akichimba pale anasifiwa. Akisogea kwenye uzio anaitwa na kupelekwa pale, bila kelele, bila kipigo. Aliyezaliwa mchimbaji mpe machimbo yake.

Tatu, ndipo tukagusa uzio. Tulinunua wavu wa waya mgumu wa matundu madogo, si ule mwembamba wa kuku unaooza haraka, upana futi 2. Unaukunja kama herufi L: upande mmoja unapigiliwa misumari chini ya mbao kwa ndani, upande mwingine unalala chini kuelekea uani, si kuelekea nje. Unaubana kwa vigingi, ncha kali za waya unazikunjia chini zisimkate miguu, kisha unafunika kwa udongo na mawe bapa. Mbwa anaanza kuchimba pale uzio unapokutana na ardhi, anakuta waya, na hawazi kurudi nyuma hatua mbili aanzie huko. Roli moja ya futi 50 ilitugharimu dola 70 na ushee, tulitumia tatu. Na kwa walioko huku: kabla hujagusa sururu piga simu namba 811, ni bure, watakuja kuweka alama mabomba ya gesi na nyaya za umeme zilipopita. Usije ukakata bomba kwa ajili ya mbwa ukaiacha familia kwenye msiba.

Zingatieni mpangilio huo. Wavu umekuja wa tatu kwa makusudi. Ningeanza na wavu nikaishia hapo, ningekuwa nimejenga gereza bora zaidi tu, na mbwa asiyeweza kuchimba angehamia kwenye kubweka usiku kucha, kutafuna mlango, au kujilamba miguu mpaka vidonda. Nimewaona mbwa wa hivyo. Na kusema kweli, nimewaona binadamu wa hivyo pia.

Tangu mwezi Agosti Haya hajatoboa uzio. Kucha zimeota tena, ingawa moja imepinda. Yule mzee jirani wa kola ya umeme juzi alichungulia juu ya uzio, akanikuta nimekaa kwenye nyasi na kikombe cha chai, Haya kajilaza pembeni. Akaniuliza nilinunua kola ya aina gani. Nikamwambia sikununua, nilipunguza usingizi nusu saa. Alicheka akidhani natania.

Basi ndugu zangu, mwenye mbwa amchungulie leo hiihii. Kama kuna shimo, usikimbilie fimbo. Kaa chini uangalie limechimbwa upande gani, saa ngapi, na wewe ulikuwa wapi. Na kama yupo mparachichini, mfungue, mpeleke chanjo. Kaka, najua utajibu, na nakusubiri kwa hamu, ila safari hii njoo na hoja, usije na mnyororo.

Mama, dawa za presha usiziruke. Wote nawatakia wiki njema, tuonane tena panapo majaliwa. Tupo pamoja!